Ubani Chini ya Boneti

Leo nimeadhirika mbele ya madalali arobaini na mmoja. Wengine wako Dar, wengine Arusha, mmoja kaandika yuko Dodoma, sijui Dodoma wanatafuta nini kwenye gari la Tanga. Wote wameniona. Wameniona mpaka ndani ya matundu ya pua. Nitawaeleza yote, ila someni kimya kimya.

Mnakijua kigari changu cheupe. Kile alichokiandikisha Baba Rahma kwa jina langu kabla hajarudi kwenye malori yake ya Zambia. Kizuri, hakina tatizo, lakini mafuta yamepanda mpaka nimebaki kukifuta vumbi kama kabati la vyombo. Nikasema basi, kiuzwe. Maana nina haja moja tu duniani: fremu ya duka.

Ipo barabara ya nane, Ngamiani. Mlango wa chuma, sinki, umeme wa kubeba oveni mbili. Miaka minne napika mikate ya sinia na keki kwenye ua wa mama mkwe wangu, pamoja na kuku wake. (Kuna keki moja ya harusi kuku aliitembelea juu. Nikazifuata zile nyayo kwa krimu, wakasema urembo mpya.) Mwenye fremu ni mama mkali asiyejua kucheka. Alishaniambia: "Nakushikia mpaka alasiri ya Alhamisi. Ikipita, nampa yule wa vioo vya simu."

Alhamisi ndiyo leo.

Sasa, mkabala na mlango wetu yuko Kasimu. Kasimu ananunua magari ya watu na kuyauza chini ya turubai lake, na asipouza anakunywa kahawa. Mwezi uliopita alikizunguka kigari changu mara mbili, akapiga tairi teke, akataja bei.

"Kaka Kasimu, hiyo bei ya gari au ya vioo vyake?"

"Dada yangu, soko limelala."

"Basi lala nalo."

Akina mama barazani walicheka mpaka wakamwaga kahawa. Nilijiona nina mdomo siku hiyo. Likumbukeni hilo neno langu, maana leo nimelitafuna bila maji.

Ndipo nikaingia kwenye ule mnada wa mtandaoni. Unajaza fomu, unatuma picha, unapangiwa saa yako. Ikifika, unaonyesha gari kwa simu, moja kwa moja, na madalali nchi nzima wanatazama. Kwanza wanaona nje, kila mmoja anaweka dau la kujaribu. Halafu unafungua boneti injini ikiwa inaunguruma. Hapo anayeridhika analithibitisha dau lake, asiyeridhika analiondoa. Anayebaki juu ndiye mnunuzi, na mwenye gari huruhusiwi kukataa. Kulikuwa na kisanduku cha kuandika bei ya chini usiyotaka kuvuka. Nilikiacha kitupu, kwa sababu waliandika kwamba gari lisilo na bei ya chini huvutia wengi.

(Nimesoma mpaka kidato cha nne. Kuna mtu ananiuliza nilifaulu nini. Sijibu.)

Leo asubuhi nimekiosha kigari kwa sabuni ya nywele ya Rahma, kimeng'aa kama jino. Mama mkwe katoka, kasimama mlangoni na kanga zake mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hilo gari watalitazama watu wangapi, mama Rahma?"

"Wamejiandikisha arobaini na mmoja, mama."

Akahesabu kwa vidole, midomo ikimchezacheza.

"Macho themanini na mawili!"

"Ndiyo, mama."

"Ya watu tusiowajua wala wasiojua kusema mashallah?"

Nikajua maneno yale yanakoelekea. Mama mkwe wangu ni mtu mwema, Mungu shahidi, lakini hakuna kitu kinachotoka nyumba ile bila kufukizwa ubani, kisipatwe na jicho baya. Rahma alifukizwa siku ya kwanza ya chekechea, mwalimu akauliza kama nyumbani tumeunguliwa. Nikamwahi mapema.

"Mama, nakuomba. Leo usifukize ndani ya gari. Wakiona moshi watadhani bovu. Ndani, hapana."

"Ndani, hapana," akasema. "Haya, mwanangu."

Haraka hivyo. Bila kuguna. Mwanamke mwenye akili angeshtuka. Mimi nikaingia kuvaa mtandio mzuri.

Nilipotoka nikakuta mkeka umetandikwa kando ya gari, na akina mama watatu wa mtaani wameshakaa. Birika la kahawa. Sahani ya kashata. Mama kasema wameitwa kuliombea gari dua kidogo, limetufaa miaka yote, lisiondoke kama lililofukuzwa. Nikatazama saa. Zimebaki dakika nne. Dua haina moshi, nikasema moyoni, waacheni. Na palipo na kahawa ya bure Kasimu hakosi, akavuka barabara na simu yake mkononi.

"Dada, hongera. Nasikia unauza kisasa."

"Kunywa kahawa, kaka Kasimu."

Nilimimina mwenyewe. Kikombe kikajaa. Na kashata nikamwongeza. Kwa mkono wangu huu!

Saa ikafika. Dada mmoja wa mnada, sauti laini kama ya kutangaza vifo, akasema: "Mwenye gari, karibu, tuonyeshe." Nikaanza. Taa, milango, viti. Wallahi nilikuwa najua ninachofanya. Nikazunguka taratibu, nikashika simu kwa mikono miwili. Madau yakaanza kupanda. Yakapita bei ya Kasimu. Yakaipita tena! Yakafika pale palipo na fremu, yakaivuka, ikabaki na hela ya oveni ya pili. Moyo wangu ukawa unagonga mpaka nikaogopa wataudhani ndio injini. Nikaona kibao kabisa: Mikate ya Mama Rahma. Nikachagua na rangi. Kijani.

"Asante. Sasa washa gari, kisha fungua boneti."

Nikawasha. Likaitika mara moja, sauti safi. Nikavuta kishikio cha boneti, nikaenda mbele, nikainua boneti, na simu yangu karibu kabisa ili waone vizuri.

Likatoka wingu.

Si moshi, wingu! Jeupe, zito, limejikusanya mle ndani muda wote linanisubiri mimi. Likanipiga usoni, nikakohoa kama mzee wa tumbaku. Na harufu hiyo… jamani. Ubani. Ubani na udi, ule wa sikukuu.

"Mama!"

"Umesema ndani hapana," akajibu kutoka mkekani, mtulivu kabisa. "Nimeweka chini."

Alikuwa amesukuma chetezo chini ya gari, mbele, usawa wa injini. Mkaa unawaka vizuri. (Ndiyo, chini ya gari lenye petroli. Kuwa hai tu leo ni jambo la kushukuru, lakini sina nguvu za kushukuru.)

Kwenye simu maneno yakaanza kupita.

"Gasketi imeungua hiyo."

"Moshi mweupe, silinda hedi kwisha habari."

"Naondoa dau."

"Naondoa."

"Dada funga boneti, unatuulia macho."

Nikapiga kelele: "Ni ubani! Jamani ni ubani! Nuseni!"

Nimewaambia watu wa Arusha wanuse. Kwa simu. Nimesema kabisa, nuseni, na nikaisogeza simu kwenye moshi ili wapate vizuri.

Mmoja akaandika: "Fundi gani huyu anatibu injini kwa ubani?"

Nikaona niseme kitu cha kuokoa, mdomo ukatangulia: "Gari hili halijawahi kutoa moshi hata siku moja! Tangu ule wa njia ya Pangani, pale Kigombe, halijarudia!"

Madau matatu yakaondoka kwa pamoja.

Mama mkwe alipoona nimekwama akaamua kunisaidia. Akasimama, akaingiza uso wake mbele ya simu, akawapungia mkono.

"Wanangu, msiogope. Gari jema hili. Limewapeleka wazazi sita hospitali na halikuzima njiani. Wawili wamejifungulia humohumo, kiti cha nyuma. Watoto wazima!"

"Hicho kiti wamekiosha?" akauliza wa Dodoma.

Na akina mama wa mkekani, ambao hawajui lolote linaloendelea, wakaona mama kasimama, wakadhani wakati wa dua umefika. Wakainua mikono. Wakaanza. Aaamin! Moshi, kanga, mikono juu, mimi katikati na machozi ya moshi.

Maneno yakapita: "Gari limeshakufa, wanalisomea hitima."

Na chini yake: "Poleni sana wafiwa."

Hapo nikachanganyikiwa rasmi. Nikasema nitawaonyesha ushahidi. Nikainama, nikakivuta chetezo kwa mkono mtupu, nikakiinua mbele ya simu: "Hiki hapa! Kioneni!" Chetezo cha udongo kilichokaa na mkaa robo saa, watu wangu. Kikaniunguza, nikakitupa. Simu nayo ikaenda. Mkaa ukatawanyika na cheche zake chini ya bampa, na simu ikatua chali, ikitazama juu, ikionyesha cheche upande mmoja na upande mwingine mimi nimeinama, mdomo wazi, napuliza vidole. Hayo ndiyo matundu ya pua niliyowaambia.

"LINAWAKA MOTO!" wakaandika kama saba hivi.

Rahma, aliyekuwa mlangoni, akapiga makofi. "Mama, gari linapika pilau!"

Mama mmoja akamwagia mkaa birika zima la kahawa. Nilipookota simu, yule dada wa sauti laini alikuwa anamalizia: "…na hivyo limebaki dau moja lililothibitishwa, la mshiriki namba kumi na saba. Hongera, mwenye gari. Gari lako limeuzwa."

Nikatazama bei. Nikafuta kioo kwa mtandio, nikatazama tena. Ilikuwa ndogo kuliko ile ya Kasimu. Ile niliyosema ni ya vioo.

Nikakaa chini, palepale penye kahawa na jivu. Fremu ikaondoka mbele ya macho yangu, na kibao, na rangi ya kijani. Kasimu akaja akachutama karibu.

"Pole, dada yangu. Nimesikitika sana."

"Asante, kaka Kasimu."

Nilimwambia asante. Nilikuwa karibu kumlilia begani.

Simu ikalia. Ujumbe wa mnada: mnunuzi ameshalipa, atakuja kuchukua gari. Chini wameandika: Umbali wa mnunuzi kutoka ulipo, mita mbili.

Nikausoma mara ya pili. Mita mbili. Nikainua uso taratibu. Kasimu alikuwa bado amechutama, simu mkono mmoja, kipande cha kashata mkono mwingine. Kashata yangu.

"Wewe?"

"Namba kumi na saba," akasema, hata aibu hana.

"Lakini umeona moshi kama wao!"

"Wao wameona, dada. Mimi nimenusa. Udi mzuri sana ule, mama ananunua wapi?"

Sitawaambia nilichomjibu, kuna watu wazima humu. Akaingia ndani ya gari langu, akaliwasha, likaitika mara moja (msaliti lile!), akavuka nalo barabara, akaliegesha chini ya turubai. Safari nzima haikuchukua hata muda wa kupiga honi moja. Mama mkwe akanishika bega.

"Alhamdulillah. Halijaenda mbali. Macho yao hayakulipata."

Nikampigia mwenye fremu. Nikamwambia nina sehemu, si yote, anivumilie wiki mbili. Akasema yule wa vioo vya simu amekaa mbele yake anahesabu. Nikasema basi, mama. Akakata kabla sijamaliza "basi". Baba Rahma nimemweleza kwa ujumbe wa sauti, kanirudishia wake wa dakika nzima. Kicheko kitupu. Mwisho kasema "pole mke wangu", akaanza tena.

Kwa hiyo nimerudi kwenye ua. Nimekanda unga kwa hasira mpaka ukaogopa kuumuka. Kuku wapo, wananitazama.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini sasa hivi, baada ya alasiri, nimefungua ule mnada nijiondoe, nikakikuta kigari changu. Picha nne, chini ya turubai. Safari hii kile kisanduku cha bei ya chini kimejazwa, na kimejazwa bei ya fremu yangu na oveni zote mbili. Kasimu kaandika: "Limetunzwa na mama wa nyumbani. Injini safi, haina moshi kabisa. Ndani linanukia udi."

Linanukia udi!

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu anachungulia. Nikamsomea. Akafikiri kidogo.

"Na huyo naye wanamtazama wangapi?"

"Wameshajiandikisha hamsini, mama."

"Macho mia moja," akasema kwa huzuni. "Maskini Kasimu. Na hana mtu wa kumfukizia."

Tukatazamana. Miaka minne katika nyumba ile, leo ndiyo mara ya kwanza tumeelewana bila kuongea. Kaingia chumbani, katoka na kopo zima la ubani. Chetezo kimepata ufa lakini kinashika mkaa.

Msicheke, nawaomba. Mnada wake ni kesho saa nne asubuhi, na mkaa safari hii nauwasha mimi.