Tyubu ya Marcelo na Tumbo la Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Julai 1995

...na si hilo tu. Joyness akicheka, hata sufuria zinang'aa! Ndoa bado changa, kila akiniita Mahona naitika mara mbili.

Leo hakucheka. Baba yake, Mzee Nyanda wa Migato, ana kitu kinachodunda tumboni. Daktari wa hapa Bariadi kasema ni mshipa mkuu wa damu, umetuna. Nikauliza kwa nini. Kaeleza kwamba ukuta wa mshipa una seli za misuli laini. Ndizo zinazoukaza, ndizo zinazofuma nyuzi zake. Sigara inaziua. Nyingine zinabaki hai lakini zinageuka tabia, zinasaidia kuzila nyuzi zile zile! Ukuta unalegea, damu inausukuma, unatuna. Ukipasuka, kwisha.

Mzee aache sigara, aende Mwanza kupimwa. Kagoma. Kasema hapasuliwi kama mbuzi wa harusi yangu. Joyness kalia kwenye shati langu. Silifui!

Nimeapa kumpeleka mimi. Si Marcelo, mume wa dada yake, wakala wa hawa wanunuzi wapya wa pamba. Siku hizi maduka yamejaa, basi yeye ni kumletea mzee sigara za nje tu.

Jumatano, 5 Julai

Mpango! Mzee haelewi seli, ila anaelewa baiskeli. Nitajaza upepo tyubu iliyochakaa ubavu mpaka itune. Ataliona tumbo lake mwenyewe. Joyness kaniita msomi. Msomi!

Jumamosi, 8 Julai

Balaa.

Nilifika Migato, kumbe tyubu nimeisahau nyumbani. Marcelo naye alikuwepo, nikachomoa ya baiskeli yake, mpya kabisa. Kwa ajili ya sayansi! Nikaikwangua ubavu kwa jiwe, nikamweleza mzee kwamba hapo seli zimekufa. Nikapiga pampu. Ikatuna vizuri ajabu. Mzee akatoa sigara mdomoni, akasogea. Nikaongeza kidogo tu.

Paa! Mbuzi wakavunja zizi. Mama mkwe, Mama Nyanjige, akatoka jikoni mbio, akanivaa kifuani. Mkwe! Kifuani! Akajifunika kanga uso mzima. Marcelo akauliza kama nimeoa mama na binti kwa pamoja. Mzee akacheka mpaka akajishika tumbo. Nikaona mshipa unakwenda kupasuka! Nikaruka, nikalikumbatia tumbo la baba mkwe kwa mikono miwili, nikimsihi asicheke, seli ni chache.

Mzee akanibandua mikono, akatoa hukumu.

Faini: mbuzi wa kifua, mbuzi wa tumbo. Na tyubu.

Jumapili, 16 Julai

Mzee kaenda Mwanza! Kaacha sigara! Kasema kila akitaka kuwasha anasikia paa. Lakini kaenda na Marcelo. Eti mikono ya Marcelo inajua mipaka. Uchungu!

Wamempima. Uvimbe bado mdogo, hapasuliwi sasa, atapimwa tena. Seli zilizokufa hazifufuki, ila zilizobaki angalau zimeepushwa na moshi. Joyness kanikumbatia, kasema nimemwokoa baba yake. Halafu kaniomba nisikanyage Migato mpaka mwakani. Mpenzi wangu ana utani!

Kosa nimelijua. Tyubu ilikuwa ndogo. Na mama mkwe, maskini, alikuwa jikoni, hakuona chochote. Fundi wa pale stendi kakubali kuniazima tyubu ya trekta. Kabla mwezi haujaisha nitakuwa Migato, na safari hii mama mkwe atakaa mbele.