Jogoo wa Ogwal na Haki Yangu ya Kunyamaza

Jumatatu, 3 Machi

Jogoo wa Ogwal ameniamsha tena kabla ya adhana. Nimemlalamikia Ogwal. Jirani huyu ni sajini mstaafu wa polisi. Kila ukimtajia haki, hucheka. Akasema katiba ni ya watu wenye gari, si ya mkimbizi mzee wa mtaa wa Kisugu.

Mimi, Kakule wa Butembo, nimeisoma katiba ya Uganda mara mbili! Yeye hata jalada hajaliona.

Mpango: jioni namfunika jogoo kwa beseni chumbani mwangu, mpaka Ogwal aombe radhi. Nikikamatwa, ninayo haki ya kunyamaza. Hatari ni moja tu. Mama Maimunah, mwenye nyumba, alishaapa kwamba mpangaji atakayetiwa hatiani atabeba godoro lake siku hiyohiyo. Nimekaa humu tangu nivuke mpaka. Sina kwingine.

Jumanne, 4 Machi

Sikufikiri kwamba jogoo huwika hata chini ya beseni.

Ogwal alifika na konstebo, binti aitwaye Nabwire. Binti huyo akaniambia, kwa Kiswahili, kwa nini ananikamata. Akasema naweza kutafuta wakili. Akasema silazimiki kusema neno. Huko nyumbani nimechukuliwa na watu wenye bunduki mara nyingi, na hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini.

Nilimshukuru. Nikamfafanulia uzuri wa haki ya kunyamaza, kwa mifano: jogoo, kamba niliyomfungia, rangi ya beseni. Akaweka kalamu chini. "Mzee, nyamaza basi! Hiyo haki ni yako, si yangu."

Alhamisi, 6 Machi

Mahakamani, kabla saa arobaini na nane za katiba hazijatimia. Ajabu! Wamezihesabu kwa ajili yangu.

Hila mpya: nikasema sijui Kiingereza wala Kiluganda, nataka mkalimani. Hakimu, mwanamke mfupi mwenye miwani, akakubali papo hapo. Mkalimani hayupo. Nikafurahi: kesi itaahirishwa mpaka isahaulike. Ndipo Ogwal akasimama, akajitolea. Kiswahili cha kambi za polisi anacho.

Nikasema mimi ni mzee wa amani. Akatafsiri kwamba mimi ni mwizi sugu wa tarafa nzima ya Makindye. Nikamsahihisha, kwa Kiingereza fasaha.

Hakimu akanitazama juu ya miwani. Nikaliona godoro langu barabarani. Lakini akamgeukia Ogwal, akasema mlalamikaji hawezi kuwa mdomo wa mshtakiwa. Na mimi, akasema, hata nikijua lugha zote, sina hatia mpaka upande wa mashtaka uthibitishe.

Machozi yakanitoka. Miaka yote hii ugenini, nani amewahi kunidhania jema? Kwa furaha nikakiri kosa, nikaongeza kwamba jogoo yule alistahili. Hakimu akakataa! Akasema huko si kukiri, ni kujitetea, akaandika kwamba nimekana. Mtu ananilinda dhidi ya mdomo wangu mwenyewe!

Dhamana nimepewa. Mdhamini ni Mama Maimunah, akinuna. Amesema godoro litasubiri hukumu. Jogoo, ambaye ni kielelezo, amekabidhiwa Ogwal amtunze.

Jumatatu, 10 Machi

Hakimu ameuliza kielelezo kiko wapi. Ogwal akatazama viatu vyake. Jana alitembelewa na wakwe.

Nabwire alijifunika uso kwa faili. Hakimu akauliza, polepole, kama kielelezo kililiwa kwa wali au kwa chapati. Ogwal akajibu kwamba naye anayo haki ya kunyamaza. Mashtaka yakaondolewa.

Mama Maimunah amenitengea chai, akasema godoro likae. Ogwal amekuja kuomba radhi, kweli ameomba! Nimeshinda kila kitu.

Lakini jioni hii nyumba ni kimya mno. Hakuna anayenihesabia saa. Hakuna anayenidhania lolote, jema wala baya.

Ogwal ameleta bata mzinga. Ana sauti mbaya sana. Beseni langu halimtoshi. Kesho naenda soko la Kalerwe kutafuta kubwa zaidi.