Omena Juani, Wingu Linapita

Jumanne, 22 Aprili 2025
Mambo ni mazuri. Naanza hivyo kwa sababu siku ya Pasaka Pasta Maurice alisema kila mtu aandike jambo moja zuri kila siku. Wazee wengi hapa Kisegi walisema hawana daftari. Mimi nina daftari na kalamu. Shule niliacha darasa la nne kwa hiari yangu, nikiwa namba tatu. Tulikuwa wanafunzi wanne lakini hiyo si neno.

Jambo la leo ni kubwa. Lynnet, msichana wangu aliyeolewa na Mwikwabe huko Kegonga, amezaa kijana. Jumapili mtoto anapewa jina kanisani. Mama yake, yaani mke wangu Phelesia, atasafiri Jumamosi na gunia moja ya omena, dagaa wetu wa ziwani, maana mama wa huku ziwani haendi kwa wakwe mikono mitupu. Wakuria wakionja omena hiyo watauliza baba ya Lynnet anaitwa nani. Wataambiwa Cephas. Basi. Mtoto ataitwa Cephas.

Phelesia amesema labda wana jina lao tayari. Huyo mama akifunguliwa mlango anauliza kwanza kama ndani kuna nyoka.

Jumatano, 23 Aprili
Phelesia amechukua omena kwa mashua asubuhi. Tumeanika juu ya nyavu kuukuu. Jua kali. Inang'aa kama vijiko vipya.

Jirani yangu Job ameanika karibu na sisi. Job ni mtu wa kuogopa. Mahindi ikiota vizuri shambani kwake, anasema sasa nyani watajua nyumbani. Saa nane wingu dogo kama kofia likatokea juu ya milima ya Gwasi. Job akakusanya omena yake yote, akafunika na turubai. Wingu likapita. Nikamwambia hata jua linamwonea haya. Akajibu, "Jaduong', mzee wangu, heri haya kuliko inzi." Sijui alimaanisha nini. Mtu mwoga hukosa maneno ya maana.

Alhamisi, 24 Aprili
Phelesia alienda mkutano wa akina mama. Aliniacha nichunge. Alisema mara tatu kwamba wingu likitoka Gwasi nikusanye. Mara tatu, kama mimi ni mtoto.

Wingu lilitoka Gwasi. Kubwa kidogo. Job akakusanya. Wanawake wote ufukweni wakakusanya. Mimi nilikaa kwa kiti. Niliwaeleza kwamba wingu la namna hiyo likikutana na upepo wa ziwa linageuka linaenda Tanzania. Nimeangalia mawingu miaka sabini na mbili. Caleb wa bodaboda aliuliza kama anisaidie kubeba. Nilimwambia anisaidie kwa kutosimama mbele ya jua. Akasema jua lenyewe halionekani. Vijana wa leo hawana imani.

Mvua ilinyesha. Si nyingi. Masaa mawili na nusu tu. Omena nyingine ilirudi ziwani yenyewe.

Phelesia alikuja akasimama pale na mwavuli. Halafu akasema, "Baba Lynnet, ulikuwa unafanya nini?"

Nilimwambia ukweli. Nilikuwa nangoja ipite. Na ilipita.

Ijumaa, 25 Aprili
Omena inanuka. Wanawake wamesema sasa ni ya kulisha kuku. Sisi tuna kuku wawili. Wamekula kidogo wakaondoka.

Phelesia amerudisha nguo ya safari kwa sanduku. Amesema hataenda. Hawezi kusimama mbele ya Jerusha, mama ya Mwikwabe, akining'iniza mikono. Halafu akaenda nyuma ya jikoni, akakaa huko sana. Nilisikia anapenga kamasi. Sikupenda hiyo sauti.

Lakini Cephas hakosi njia. Nilienda kwa Job nikamwomba sahani mbili tu za omena kavu. Yetu nitaweka chini, yake juu. Juu wataona safi, na chini itajitetea yenyewe. Job aliniangalia sana. Alibeba gunia yake nzima mpaka kwa Phelesia, akasema, "Min Lynnet, mama Lynnet, enda uone mtoto." Akaongeza kwamba pengine gari litaharibika njiani.

Phelesia ametoa nguo kwa sanduku. Mimi ndiye niliyeenda kwa Job, hiyo iandikwe.

Jumatano, 30 Aprili
Phelesia amerudi. Gari halikuharibika. Mtoto ni mnene, ana paji langu la uso.

Anaitwa Job.

Jerusha alionja omena akauliza ni nani ameikausha hivyo. Phelesia angesema tu ni ya nyumbani. Lakini alieleza yote, hata mimi na kiti changu. Walicheka mpaka Mwikwabe akashika ukuta. Jerusha akasema mtu anayempa jirani gunia yake ili mama amwone mtoto, huyo jina lake lisipotee. Jumapili likatangazwa kanisani.

Job aliposikia alilia. Halafu akasema mtoto wa jina hilo hatakuwa na bahati.

Sikula chakula cha jioni. Nilikula kidogo.

Alhamisi, 1 Mei
Mambo ni mazuri. Phelesia amekuja na karatasi ya kanisa. Yeye anaona pameandikwa Job na mambo yamekwisha. Mimi nimeisoma vizuri, herufi moja moja. Pameandikwa Job, halafu kuna nafasi, halafu Mwikwabe. Nafasi kubwa. Cephas anaingia hapo akinyoosha miguu.

Kesho naenda Kegonga mwenyewe. Phelesia ameuliza nitawabebea wakwe nini. Nimemwambia nawapelekea jina. Job naye amekuja asubuhi na mapema kusema barabara ni mbaya, akanipa mwavuli wake nibebe. Nimemrudishia. Mtu haendi kupeana jina lake akiwa amejificha chini ya kitambaa.