Lori la Mama Mkwe Linakwamakwama

Jumatatu, 3 Machi

Mpangaji wa chumba cha mbele amehama. Hatimaye! Chumba kina mlango wake wa barabarani, dirisha pana na soketi kila ukuta. Nimekimezea mate tangu siku niliyooa. Nikikipata nafungua ukumbi wa gemu na kuacha kazi ya kuandikisha wagonjwa kwa daktari wa meno. Nimechoka kuwaambia watu wenye mashavu yaliyovimba kwamba daktari anakuja sasa hivi.

Kikwazo ni kwamba nyumba ni ya mama mkwe. Kikwazo kingine ni shemeji, kaka yake mke wangu, ambaye naye anakitaka chumba hicho hicho kwa kazi yake ya kutengeneza simu. Leo asubuhi nimempelekea mama mkwe chai. Shemeji naye akaja na chai. Mama mkwe akanywa zote mbili, hakushukuru mtu.

Huyu mama amefundisha watu udereva maisha yake yote. Tangu apasuliwe goti amekatazwa kukanyaga klachi, basi sasa anaendesha malori kwenye gemu ya kompyuta pale sebuleni. Anashika usukani wa plastiki. Anajifunga mtandio kifuani badala ya mkanda wa gari. Lakini kompyuta ni nzee, masikini. Anakata kona, picha inaganda. Ikizinduka, lori liko mtaroni. Anasema kuna mtu ndani ya hiyo mashine anaachia klachi vibaya.

Jioni ametutangazia wote mezani. Atakayempa mashine isiyokwamakwama, chumba cha mbele ni chake. Mtihani ni Jumamosi. Mke wangu akauliza kama mtihani ni wa wanaume tu. Nilicheka hadi nikapaliwa. Ana utani sana huyu mwanamke. Yeye ni mshonaji, anashonea koridoni, na kila nikipita inabidi niruke vitambaa kama mbuzi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeomba ruhusa kazini kwa kusingizia jino. Daktari akataka kuliangalia. Nikasema limepona.

Nikaenda moja kwa moja kwa muuza kompyuta. Nikamwambia nataka kadi ya grafiki iliyo kubwa kuliko zote dukani. Akaniuliza nina prosesa gani. Nikamjibu ipo. Akaanza kunieleza kwamba prosesa ndiyo inayofikiri, magari mangapi yako barabarani na kila moja linaelekea wapi. Kadi yenyewe kazi yake ni kuchora tu. Moja ikiwa goigoi, nyingine inakaa inaisubiri hata iwe na nguvu kiasi gani. Nikamwambia sikuja darasani, nimekuja dukani.

Tumebadilishana. Yeye kachukua pikipiki yangu, mimi nimechukua kadi, na kwa huruma akaniongezea na pawa saplai ya kuilisha umeme. Jamani, kadi ina feni tatu! Nimeileta nyumbani nimeikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Kwa miguu, maana pikipiki sina.

Shemeji alikuwa mlangoni. Akauliza ni nini hicho. Nikamwambia ni kifo chake.

Alhamisi, 6 Machi

Kadi haiingii! Boksi la kompyuta ni fupi. Nimejaribu kuiingiza wima, kiubavu, kwa sala. Mama mkwe alikuwa ameenda kunyooshwa goti, kwa hiyo nikapiga moyo konde na kuchukua msumeno wa chuma. Sasa boksi lina dirisha, na kadi imechungulia nje kidogo. Inapendeza kwa kweli.

Nikawasha. Pembeni ya picha kuna namba inayoonyesha ni fremu ngapi zinachorwa kila sekunde. Zikiwa nyingi mwendo ni laini, zikiwa chache lori linaruka kama kiroboto. Kabla ya kadi zilikuwa ishirini. Baada ya kadi: ishirini na mbili.

Nikatulia. Si kila mgeni anaanza kazi siku ya kwanza.

Nikashusha ubora wa picha hadi chini kabisa. Miti ikawa maboksi ya kijani, ng'ombe wakawa kama masanduku. Fremu ishirini na mbili. Nikapandisha kila kitu hadi juu kabisa. Matone ya mvua kwenye kioo, kope za dereva, kutu kwenye bolti! Fremu ishirini na mbili zile zile. Nikapiga meza kwa furaha. Kadi hii haibabaishwi na kitu!

Kuna pia kipimo kinachoonyesha nani anafanya kazi kiasi gani. Kadi: asilimia kumi na tano. Imejilaza tu, haitoki hata jasho. Prosesa: asilimia mia, kwa muda wote! Kumbe ile nzee tuliyokuwa tunaitukana ni mchapakazi kiasi hiki. Nimeifuta vumbi na kuiomba radhi.

Mama mkwe akarudi. Akaliangalia boksi lililokatwa, akauangalia msumeno, akaniangalia mimi. Akauliza nani alinipa leseni.

Ijumaa, 7 Machi

Upelelezi. Nimebisha chumbani kwa shemeji kujifanya naazima chaja. Ameunda mashine yake mwenyewe, na prosesa yake ni ya juzi tu, kali kama wembe. Fremu tisini! Moyo ukanishuka hadi kwenye soksi. Halafu nikaitazama ile picha. Ukungu mtupu. Barabara kama uji, milima kama uji ulioganda. Kadi yake ni ya zamani, aliiokota kwenye kompyuta iliyotupwa. Nilipomwomba apandishe uzuri wa picha kidogo tu, fremu zikaporomoka hadi kumi na mbili. Akazishusha upesi na kujifanya anakohoa.

Hapo hapo nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamwambia, shemeji yangu wa damu, yule mama anapenda mandhari kuliko mwendo. Kesho pandisha kila kitu juu kabisa. Weka mvua. Weka ziwa. Akanishukuru, akanishika hadi bega.

Naye, kwa wema wake, akanipa ushauri. Eti mama amechoka na barabara za porini, anatamani mjini, saa ya watu kutoka kazini, magari yamebanana. Nimuanzishie hapo. Ushauri mzuri sana! Sikutegemea kitu kama hicho kutoka kwake. Nimeuandika kwenye kiganja nisisahau.

Nikapita koridoni, mke wangu akiwa na pini mdomoni. Akasema sisi wawili kila mmoja ana nusu ya mashine nzuri. Mmoja ana mtu anayekata vitambaa haraka, mwenzake ana mtu anayeshona haraka, na wote wawili tunalala njaa. Eti tuunganishe. Nikamwambia ashone tu, mambo ya kompyuta ni mazito. Baadaye nimesikia shemeji naye kamjibu vivyo hivyo. Ni mara ya kwanza mimi na yule kukubaliana.

Jumamosi, 8 Machi

Siku yangu! Nimevaa shati la harusi.

Alianza shemeji, mashine yake kaileta sebuleni. Mama mkwe akajifunga mtandio, akarekebisha kioo cha pembeni ambacho hakipo, akawasha lori. Mvua, milima, ziwa linameremeta. Uzuri wa kukutoa machozi. Fremu kumi na mbili. Lori likasogea, likafikiri, likasogea. Mama mkwe akauliza kama anaendesha au anaonyeshwa albamu ya picha za harusi. Shemeji akanigeukia na macho mekundu. Nikachunguza dari.

Zamu yangu. Nikampeleka mjini, katikati ya msongamano, mabasi mbele, teksi nyuma, watu wanavuka kila upande. Kadi ikanguruma na feni zake zote tatu. Fremu kumi. Nane. Sita! Nikatazama kipimo. Kadi imelala. Prosesa asilimia mia, inahema. Picha ikaganda kabisa. Ilipozinduka, lori lilikuwa ndani ya duka la dawa.

Nikamtazama shemeji. Alikuwa anatabasamu. Ndipo nikaelewa. Nyoka! Nilimpa ushauri mbaya kwa moyo mweupe, naye kumbe kanipa ushauri mbaya kwa makusudi.

Tukaanza. Mimi nikamwita mnafiki, yeye akaniita fundi msumeno. Mama mkwe akafungua mtandio taratibu. Akasema katika miaka yake yote ya kufundisha, mwanafunzi aliyelaumu gari na mwanafunzi aliyelaumu barabara aliwarudisha wote darasani, siku hiyo hiyo, kwa miguu. Tukaangalia miguu yetu. Halafu tukaanza tena, kwa sauti ya chini.

Tukiwa hapo hapo, mke wangu akaja na bisibisi ya cherehani yake. Akang'oa kadi yangu. Akang'oa na pawa saplai. Akaenda kwenye mashine ya shemeji, akatoa ile kadi ya kuokota na kuiweka mezani, akapachika kubwa pamoja na pawa saplai yake. Iliingia yote, hata msumeno haukuhitajika. Shemeji akafungua mdomo. Mama mkwe akamwonyesha kidole kimoja. Akaufunga.

Mke wangu akawasha. Picha juu kabisa, mvua na ziwa, na mji umejaa magari pomoni. Fremu tisini. Prosesa inafanya kazi, kadi inafanya kazi, hakuna anayemsubiri mwenzake.

Mama mkwe akaendesha. Akatoka mjini, akapanda milima, akateremka kwa gia ndogo kama alivyowafundisha watu wote wa mtaa huu. Alipofika akaegesha lori kinyumenyume, mara moja tu, halikugusa mstari. Akakaa pale na mikono kwenye usukani. Nikaona anafuta macho. Akasema kwa sauti ndogo kwamba alidhani hataisikia barabara tena.

Kisha akamgeukia mke wangu akamwambia, mwanangu, hamisha cherehani yako.

Nikasema mama, kadi ni yangu! Shemeji akasema prosesa ni yake! Mama mkwe akasema yeye aliahidi chumba kwa atakayempa mashine isiyokwama, na aliyempa anamwona. Chuma chakavu hakukiahidi kitu.

Nimeumia. Sitaficha, nimeumia sana. Mke wangu akapita mbele yangu amebeba cherehani, akasimama kidogo kunyoosha mgongo, na ndipo nikakumbuka tangu tuoane anashona ameinama pale koridoni chini ya balbu moja, na mimi namruka. Hata siku moja sikumwuliza kama anakitaka kile chumba. Niliona haya, haya ya kweli, hadi masikio yakawaka. Nikampokea cherehani nikambebea hadi dirishani. Akasema asante mume wangu, kwa upole kabisa, na hilo likaniuma zaidi.

Baada ya chakula nikajisikia nafuu.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu amefungua dirisha la chumba cha mbele, na kabla ya adhuhuri wateja walikuwa wanasubiri mlangoni na vitambaa vyao. Mmoja alikuwa mgonjwa wetu wa jino la nyuma. Akaniuliza daktari anakuja lini. Siku ya mapumziko!

Mama mkwe yuko sebuleni anapeleka mbao nchi jirani. Nikimsogelea tu ananiambia abiria hawaruhusiwi.

Mimi na shemeji tumeshinda kwenye ngazi za nje. Hatukusemeshana hadi alasiri. Kisha akasema dada yake ametuzidi akili. Nikasema ni bahati tu. Akasema kweli, ni bahati. Kumbe si mtu mbaya sana.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamka na mwanga kichwani. Nimekosea wapi? Sasa najua, na nakiri waziwazi. Nilifikiri siri ni ukubwa. Siri si ukubwa! Siri ni kulingana. Prosesa na kadi ni kama mume na mke, mmoja asimzidi mwenzake. Hili somo nimelielewa hadi mifupani.

Nikamwamsha shemeji nikamweleza. Sebuleni kumebaki nini? Ile prosesa nzee ya mama mkwe, na ile kadi nzee yake. Nzee na nzee! Wakati wengine wanahangaika kutafuta mbili zinazolingana, sisi Mungu ametuwekea mezani. Shemeji akanikumbatia. Akasema kweli dada yake ameolewa mahali pazuri.

Tumeziunganisha kwenye boksi langu lenye dirisha. Nikawasha. Fremu saba. Lakini saba tulivu! Hazipandi, hazishuki, mjini saba, porini saba. Nikatazama kipimo. Prosesa asilimia mia, kadi asilimia mia. Hakuna anayemsubiri mwenzake. Anayesubiri ni mchezaji tu.

Korido sasa iko wazi, kwa hiyo ukumbi wa gemu unafunguliwa hapo wiki hii. Tumeshaandika kibao. Mke wangu akakisoma, akaitazama ile namba saba, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Nadhani ni wivu.

Kilichobaki ni kioo cha kompyuta. Hiki tulicho nacho ni kidogo, kinazibana fremu. Muuza kompyuta anacho kimoja kipana kama kitanda, chenye vidoti vya kuchorwa na kadi mara nne zaidi ya hiki. Shemeji amepiga hesabu mwenyewe: vidoti mara nne, basi fremu saba zitakuwa ishirini na nane. Sikujua familia hii ina kichwa kama hicho. Kesho asubuhi tunampelekea muuzaji friji ya shemeji.