Wageni Waliokataa Jembe

Kwako Bwana Shamba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi sijambo, ila kabichi zangu zi mahututi, na ndizo zilizonishikisha kalamu.

Mimi ni yule fundi cherehani wa nyuma ya duka la mkate. Kwa kuwa wewe ndiwe mkubwa wa kila kinachoota na kila kinachotafuna hapa kwetu, nakuletea mashtaka dhidi ya viwavi wako. Nasema wako kwa sababu mimi sikuwaalika.

1. Waliingia bila hodi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nikawapelekea jembe, nikaliegemeza palepale tutani. Wakapanda mpini taratibu, wakashukia kabichi ya pili. Sasa ndilo daraja lao.

2. Ulinishauri maji ya sabuni. Nikanyunyiza. Bwana Shamba, waliendelea kula, tena wakiwa wameoga!

3. Majani yamebaki nyavu tupu. Wapita njia wananiuliza kama siku hizi nashona mapazia.

4. Hili ndilo linaloniuma. Jumamosi anakuja mama mkwe. Siku ya posa alisema mbele ya ukoo mzima kwamba mwanamume wa kukaa kitako na sindano hawezi kuotesha hata nyasi. Miaka yote hii neno hilo limenikaa kooni. Juzi juzi nikamtumia salamu kwamba safari hii atakula kabichi za mikono yangu. Mke wangu akaniambia mdomo huu utaniponza, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nikiumbuka Jumamosi, sina pa kuuweka uso wangu.

5. Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, viwavi wote wahamishwe kabla ya siku hiyo. Kama gari la ofisi ni bovu, waandikiwe barua ya onyo. Wakikaidi, njoo mwenyewe ukae tutani na kofia yako ya kazi, waone kwamba serikali ipo. Usiponijibu, nitajua mnakula pamoja.

Nisalimie mama watoto, wenzako wote wa ofisini, na yule karani anayepokea malalamiko huku akipiga miayo.

Ni mimi ninayeliwa,
Fundi Cherehani

Tanbihi: Futa mashtaka yote, na kama una viwavi wa ziada, tafadhali nigawie. Mama mkwe amefika leo, kabla ya siku yake. Amezunguka tuta zima akipindua jani moja moja, mimi nikimfuata nyuma. Mara akaanza kuchuma zile zenye matundu, akisema hizi ndizo mboga za kulisha watu, maana mdudu hali sumu. Ameniita mwanangu, Bwana Shamba, kwa mara ya kwanza! Kisha akasimama mbele ya ile moja nzima, inayong'aa, niliyoichomeka udongoni jana jioni, akaniuliza nimeinunua soko gani.