Mtu wa Pichani Siku ya Chipsi Si Mimi

Fernand Thibodeau
Mkulima wa viazi
Saint-Omer, Maine

Kwa Mhariri wa gazeti la Sauti ya Bonde

Ndugu Mhariri, Bi. Gisèle,

Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, na kwamba nyonga ya mama yako imeanza kupona. Sisi huku shambani hatujambo. Viazi vimechanua maua vizuri mwaka huu, mashamba ni meupe mpaka mtoni. Ila nyumbani kwangu mambo si mambo, na chanzo chake ni gazeti lako.

Katika toleo la juma lililopita, ukurasa wa kwanza, mmechapisha picha ya mzee mmoja aliye mbele kabisa ya foleni ya chipsi za bure. Amekumbatia pakiti tatu na mashavu yamemtuna. Chini ya picha mmeandika: "Bw. Fernand Thibodeau aisherehekea Siku ya Taifa ya Chipsi." Naandika kwa heshima zote kukuarifu kwamba mtu huyo si mimi, na naomba masahihisho.

Huenda ukajiuliza kwa nini mtu mzima asumbuke kwa jambo dogo namna hii. Bi. Gisèle, wewe mwenyewe umekula kwetu. Mke wangu Rolande amekuwa akikaanga chipsi kila Ijumaa tangu tulipooana. Hukata viazi kwa mkono, huviloweka kwenye maji baridi, huvikaanga mara mbili, na bonde zima linajua kwamba hakuna mkono kama wake. Tangu gazeti lilipofika, karai lake limepandishwa juu ya kabati. Mimi nala viazi vya kuchemsha, na havina hata siagi. Nikimwuliza kulikoni, hunijibu, "Kula tu, Fernand. Viazi ni viazi, au siyo?" Kisha hafungui tena mdomo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nausubiri mshindo huo kwa hofu. Tunakaa meza moja lakini nimemkumbuka mke wangu kama mtu aliyesafiri.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mmemtambua mzee huyo kwa kofia ya ushirika wa wakulima wa viazi. Kofia hizo tunazo wanaume wote wa hapa, tuligawiwa na muuza mbolea. Mmesema pia kwamba ana chupa ya siki mfukoni mwa koti, kana kwamba hiyo ni ajabu. Nani katika bonde hili anakula chipsi bila siki? Migahawa siku hizi hukupa siki kwenye vipakiti vidogo, na mpaka umalize kuving'ata chipsi zimeshapoa, kwa hiyo mtu mwenye akili hubeba chupa yake. Ni kweli chupa ya pichani ina utepe wa buluu shingoni. Ni kweli pia kwamba Rolande huifunga chupa yetu utepe wa buluu ili isichanganywe na ile ya kusafishia madirisha. Lakini utepe wa buluu unauzwa dukani, na kila mtu ana haki ya kuununua.

2. Ni gazeti lako lililomponza mzee huyo. Katika toleo la kabla ya hilo, ukurasa wa nne, mlichapisha orodha ya migahawa yenye ofa ya chipsi, na juu yake mkaandika neno "BURE" kwa herufi zinazoonekana hata bila miwani. Mtu akasoma, akaamini, akavaa koti. Alipofika kwenye mgahawa wa kwanza wa orodha, ule wa kuhudumia magari dirishani, aliambiwa kwamba chipsi ni bure kwa wenye programu ya mgahawa kwenye simu. Nimesimuliwa na mtu aliyekuwepo kwamba mzee alitoa simu yake ya kukunja akamwuliza msichana wa dirishani, "Binti, naiweka wapi hiyo programu?"

"Babu, simu hiyo haipokei kitu. Hiyo ni ya kupigia tu."

"Basi ngoja nikupigie, uniletee chipsi."

Magari ya nyuma yakapiga honi. Binti alicheka mpaka akaangusha kofia, lakini chipsi hakutoa. Mzee akageuza gari kwa uchungu mkubwa. Nasema uchungu kwa jinsi nilivyosimuliwa.

3. Pa pili kwenye orodha palikuwa mgahawa wa Odette, na hapo ndipo mpiga picha wenu alipokuwa amejibanza. Kwa Odette chipsi ni bure ukinunua kitu. Mzee akanunua soda. Akaambiwa kinywaji si kitu. Akanunua hambaga. Akaambiwa hambaga huja na chipsi zake, kwa hiyo za bure atapata akinunua kitu kingine. Akanunua saladi, yeye ambaye hajala jani tangu daktari amwamuru, na ndipo akapata pakiti ya bure, ikawa ya pili. Ya tatu ilitokana na kipande cha keki ya tufaha ambacho sikukitaka, yaani hakukitaka. Rahisi huvunja upishi, na mimi naongeza kwamba bure huvunja tumbo. Maskini mzee huyo alirudi nyumbani jioni akamkuta mkewe amesimama jikoni, karai linachemka, Ijumaa kama Ijumaa zote. Ilibidi ale sahani nzima tena, aombe na ya nyongeza, ili asitiliwe shaka. Usiku ule nililala nimekaa.

4. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na nakuomba ulisome ukiwa umekaa. Chipsi zile zilikuwa za viazi vya Idaho, jimbo la mbali linaloshindana nasi kwa viazi.

Si lazima niwe mle ndani ili kulijua hilo. Mtu aliyezaliwa kwenye viazi humtambua mgeni. Nimeambiwa kwamba mzee alimega chipsi moja katikati, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akainusa, akatafuna polepole, kisha akapanda juu ya kiti. "Jamani!" akasema. "Ghala zetu ziko ng'ambo ya barabara, zina viazi vya mwaka jana mpaka kwenye dari, na hapa tunalishwa viazi vya Idaho! Hamna haya?"

Odette akatoka jikoni na mwiko. "Fernand, shuka kwenye kiti changu! Ni chipsi za bure hizo, unataka na cheti cha kuzaliwa?"

Alimwita Fernand kwa kuteleza ulimi, Bi. Gisèle. Odette ana kazi nyingi na majina humchanganya.

Jirani yangu Réal, ambaye alikuwa wa pili kwenye foleni, akasema, "Basi lete hapa hizo zako, kama huzitaki."

"Nimesema ni za Idaho," mzee akajibu. "Sikusema sizitaki." Akazikumbatia zote tatu, akajaza mdomo, na hapo hapo taa ya kamera ikawaka. Hebu fikiria. Mtu anatetea heshima ya bonde zima, na gazeti la bonde hilo linamwanika kama mlafi!

5. Lalamiko langu la mwisho ni juu ya siku yenyewe. Nani aliitangaza? Si padri wala si gavana. Ni watu wenye chipsi za kuuza. Na wameiweka Julai, wakati viazi viko kwenye maua na havijafika hata ukubwa wa gololi! Sisi huku sikukuu yetu ya viazi inajulikana. Huja vuli, shule zinapofungwa watoto waingie shambani kuvuna, na mwalimu mwenyewe anakuja na ndoo. Hiyo ndiyo siku, kwa sababu ina jasho ndani yake. Siku isiyotangazwa na mtu mwenye mamlaka si siku. Na siku isiyo siku haina foleni. Pasipo foleni hapana aliye mbele, na pasipo aliye mbele hapana wa kupigwa picha. Kwa hiyo imethibitika kwamba Ijumaa ile nilikuwa bandani nikitengeneza mashine ya kuvunia, kama nilivyomwambia Rolande wakati natoka.

Kwa kuzingatia hayo, naomba mchapishe masahihisho, ukurasa ule ule wa kwanza: "Mtu wa pichani si Bw. Thibodeau." Kama sheria za uandishi zinataka lazima awe fulani, andikeni ni Réal. Nimeshazungumza naye. Hana mke, kwa hiyo picha haitamwumiza, na amekubali kwa gunia moja la viazi vipya, ingawa alisema, "Fernand, mimi nimekuzidi urefu kichwa kizima, nani ataamini?" Nilimwambia watu hawatazami urefu wakiona chipsi.

Kama na hilo ni gumu, basi gazeti limwandikie gavana aifute Siku ya Chipsi kwa sheria, na sheria hiyo ianzie mwaka huu, tena ianzie Alhamisi ile, kabla ya Ijumaa yenyewe, ili kusibaki mwanya. Naomba pia ipigwe marufuku, katika kaunti nzima, kumpiga picha mume akiwa na chakula mdomoni bila idhini ya mkewe. Na kama gavana naye atakataa, sitakuwa na budi ila kupanda shayiri mwakani na kuliacha bonde hili bila chipsi za aina yoyote. Sipendi kufikia huko. Nimelima viazi tangu nikiwa siwezi kuuinua mtaimbo, na shayiri siijui hata inavyosalimiwa.

Nisalimie mama yako, na wachapaji wote, na padri ukimwona kabla yangu. Msalimie Odette, mwambie sina kinyongo naye bali nina kinyongo na msambazaji wake wa viazi. Hata mpiga picha wenu msalimie, ila kwa mbali.

Wako katika ukweli mtupu,
Fernand Thibodeau

Nyongeza: Nilikwenda kutafuta stempu nikaiacha barua hii mezani. Niliporudi nilimkuta Rolande ameisoma yote. Alikuwa anacheka huku ameshika ukingo wa meza, machozi yanamtoka. "Njia ya mwongo ni fupi, Fernand," akasema, "lakini yako haifiki hata barabarani."

Nilifurahi kumwona anacheka, nikapata ujasiri. Nikamwuliza, kama ni jambo la kucheka, mbona karai liko juu ya kabati?

Akaacha kucheka. "Unadhani nimechukia chipsi za watu? Ijumaa zote hizo nasimama mimi mbele ya mafuta ya moto. Ikapatikana Ijumaa moja wanakaanga wengine, na mimi naweza kukaa kitini nikaletewa kama mtu. Ukavaa koti, ukaenda peke yako. Pakiti tatu, Fernand! Hata moja usinikumbuke?"

Nilivuta kiti, Bi. Gisèle, nikaichukua kalamu tena.

Kwa hiyo msichapishe masahihisho yoyote, na gavana mwacheni apumzike. Mtu wa pichani ni mimi. Ninachoomba ni kimoja tu: mwakani orodha ya ofa itoke mapema, na muweke alama kwenye kila mgahawa wenye meza ya watu wawili.