Dagaa Wasio na Mchanga

Jumatatu, 22 Septemba 2025
Wewe Marcelina, koma! Kupika na mimi jiko moja la chuo si ruhusa ya kunicheka mbele ya wasomi. Mkuu wetu, Daktari Gervasi, katuita wote ukumbini, maprofesa mpaka sisi wapishi. Anasema kila mtu ana ubunifu ndani yake, tusiuogope, keshokutwa tuuonyeshe. Wa jikoni atakayemfurahisha ndiye mpishi mkuu. Nikasimama, nikasema cheo hicho changu, mimi Saumu. Marcelina akaangua kicheko. Hana haya!

Jumanne, 23 Septemba
Wazo limekuja nikitafuna. Mchanga! Dagaa wa Kibirizi, kule ziwani, wanaanikwa chini, wahadhiri wanalalamikia meno. Juu ya bohari kuna vioo vya sola, vyeusi, safi, vimelala tu. Nikamuuliza Elikana, fundi umeme, kama vinapata moto. Akasema sana, Bibi. Sikuongeza neno. Wezi wa mawazo wamejaa hapa.
Marcelina atasonga ugali wa muhogo kwa jiko la umeme. Eti ubunifu! Kubonyeza kitufe.

Jumatano, 24 Septemba
Asubuhi nikapanda ngazi. Magoti yakalia, nikayakemea. Nikaanika dagaa vioo vyote, juu yao wavu. Kunguru wakanuna.
Alasiri ukumbini, Marcelina katikati ya kusonga, umeme ukazimika! Nikafurahi kidogo, Mungu anisamehe. Elikana akarudi mbio kutoka bohari, akauliza nani kaanika dagaa. Nikanyoosha mkono kwa fahari. Akasema vioo vile ndivyo vinavyowasha ukumbi. Si angesema jana! Fundi mzima, siri za nini?
Marcelina akahamia kwenye mkaa, akamaliza, akapakua. Akaniuliza kama dagaa wangu hawapigi shoti.

Alhamisi, 25 Septemba
Cheo kapewa Marcelina. Nikamenya vitunguu vingi kuliko vinavyohitajika, ili macho yawe na sababu. Akaja, akaniita Mama, akasema nafasi ya kupikia pale dirishani inabaki yangu. Nikamjibu ilikuwa yangu yeye akiwa hajui kushika mwiko. Lakini alinisaidia kumenya.
Daktari akaonja dagaa. Akakiri hawana mchanga hata chembe. Ila nisipande tena bohari. Nikaitika.

Ijumaa, 26 Septemba
Nimetii. Sipandi. Ila leo nimeliangalia gari la Daktari. Jeusi, paa bapa, linashinda juani bure. Hilo hakulikataza!
Wewe Marcelina, mpishi mkuu, cheo si kukaa. Jumatatu uje mapema na ndoo ya dagaa wabichi, kisha umshike dereva wa Daktari kwa chai mpaka nimalize kuanika.